Siku Lori Lilipoitikia Shikamoo

Tuliokuwa ndani ya chumba kile ni hawa. Mimi mwenyewe. Mzee wangu, baba wa watoto wangu wote, aliyevaa kanzu ya Idi ingawa siku ile haikuwa Idi. Dada yake, yaani wifi yangu, ambaye hakualikwa na mtu, ila alikuwa mwenye nyumba alikopanga mkwe wetu pale Korogwe, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumzuia. Mwanangu wa tatu, dereva wa lori. Mke wa huyo mwanangu, msichana wa milimani kule Lutindi, ambaye ndiye aliyetukusanya pale. Na mwalimu wake wa kompyuta, kijana mtanashati, mashati yake yamepigwa pasi mpaka kola zinasimama zenyewe. Waliobaki walikuwa wazazi wa wanafunzi wengine. Hao nao nawakumbuka mmoja mmoja, hata yule mama aliyesinzia tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini habari zao waandike wenyewe.

Majina siyaweki. Msidhani nimesahau. Niulize jina la mke wa kwanza wa mwenye lile lori, nakwambia, na jina la mama yake. Lakini nusu ya watu hawa desturi hainiruhusu kuwataja, na nusu nyingine nikiwataja watauliza kwa nini fulani katangulia. Nitasema dada wa huyu, mke wa yule, nanyi mtafuata.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa kwa nini gari liliitika.

Kwetu Kwaluguru, katika ukoo wa mzee wangu, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe wake uso kwa uso. Hamwiti, wala baba mkwe naye hamwiti. Neno linapitia kwa mtu. Wanaweza kuwa wamesimama uani wote wawili, kuku hawezi kupita katikati yao bila kuwagusa, na mkwe atamgeukia mume wake na kusema, mwambie baba chakula tayari. Mzee amesikia kila kitu. Lakini atakaa pale pale, anatazama mahindi, mpaka mwanangu amwambie, baba, chakula tayari. Ndipo anashtuka kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali.

Mume wake akiwa safarini, neno lilipitia kwangu. Mimi nikiwa shambani, ilikuwa kazi. Siku moja nilirudi nikamkuta mkwe anazungumza na kuku. Anamwambia kuku kwa sauti kubwa, wewe kuku, ondoka mlangoni, baba anataka kuingia, na uji wake uko mezani umefunikwa. Mzee yuko nyuma ya kuku, kimya. Nikaingia ndani kucheka, nikajifanya nakohoa.

Hali hiyo haiwi ya milele. Baba mkwe akiridhika, anampa mkwe wake zawadi kwa mkono wake mwenyewe, kuku au doti ya khanga, na kuanzia hapo mdomo umefunguliwa, wanazungumza kama watu. Mzee wangu alikuwa hajatoa. Kila nikimuuliza ananijibu bado. Nafikiri alikuwa hajaamua kama msichana wa baridi ya Lutindi atalizoea jua letu. Na mimi sikumsukuma, maana mzee wangu ukimsukuma anakaa chini.

Basi. Miaka hiyo soko lilikuwa limeshafunguliwa. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni kwa ajili ya sabuni ya kipande tulianza kuona maduka yamejaa mpaka vitu vinaning'inia nje. Mitumba ilikuja, redio zikaja, mabasi ya watu binafsi yakaanza kufukuzana kwenye barabara ya Segera, na kila mwenye chumba kitupu mjini alifungua chuo. Chuo cha kushona, chuo cha hoteli, chuo cha kompyuta. Mwanangu alikuwa ameajiriwa na mfanyabiashara mmoja kuendesha lori, anapeleka mahindi Dar es Salaam na kurudi na mabati. Alichoona huko mjini ndicho kilichomfanya aje nyumbani na kusema mke wake amemaliza kidato cha nne, kwa nini akae anapiga soga na kuku? Akampeleka Korogwe kwenye chuo cha kompyuta, vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na saruji.

Mzee alikubali kwa shingo upande. Ikapita miezi, na maneno yakaanza. Watu wa kwetu walisema mkwe wa fulani amefungiwa ndani na wanaume wanatazama kioo. Mwingine akasema ni mambo ya sinema. Mzee alirudi msikitini Ijumaa moja, akakaa bila kuvua kofia, akaniambia kuwa chuo kimealika wazazi, na atakwenda kuona mwenyewe. Kama kinachofanyika mle ni kitu cha adabu, msichana atamaliza masomo. Kama sicho, siku hiyo hiyo anapanda lori na vitu vyake, anarudi Kwaluguru.

Mkwe alipopata habari hiyo hakulia. Alikuja nyumbani mwisho wa juma, akaketi nami jikoni, akaniambia mwalimu amemuahidi kuwa akimaliza atabaki pale kuwafundisha wengine. Alisema polepole, anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikajua analitaka jambo lile kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Nikamwambia anieleze basi anafanya nini huko, ili nikiulizwa nijue pa kuanzia. Mimi shule yangu ni ya ngumbaro tu, ya jioni, nilisoma nikiwa na watoto mgongoni. Lakini alinieleza nikaelewa, kwa sababu alitumia jiko langu.

Anachora kaya yetu yote ndani ya kompyuta, akasema, halafu anaiandikia maagizo ili vitu vitembee. Sasa ile mashine haijui kitu mpaka uiambie ni kipi. Ukisema chungu kichemke, itakuuliza chungu gani. Unaweza kukipa chungu jina lake, ukakiita kwa jina, kikasikia. Unaweza kusema chungu cha pili kutoka mlangoni, lakini hiyo ni hatari, maana mtu akiingiza chungu kingine mbele, cha pili kimekuwa cha tatu, na kinachochemka ni kingine. Nikamwambia hilo nalijua, ndivyo wifi yangu alivyotia chumvi kwenye maziwa. Akacheka.

Halafu akanieleza njia nyingine, aliyoipenda mwenyewe. Ndani ya mashine kila kitu kinakabidhiwa kwa kingine. Chungu anakikabidhi kwa jiko, ndama anawakabidhi kwa zizi, na ukisogeza zizi ndama wote wanasogea nalo. Kwa hiyo unaweza kumfikia mtu bila kumwita. Unashika kile kidogo, unasema, yule aliyekabidhiwa hiki, na mashine inapanda inamkuta. Na kitu chenyewe kikitaka kujisemea hakina haja ya jina kabisa, kinasema mimi hapa, inatosha.

Nikamuuliza, je, mumeo umemkabidhi kwa nani? Akainama. Akasema, kwa baba yake, mama. Nikaona sawa. Sikufikiri zaidi, viazi vilikuwa vinaungua.

Siku ya kwenda, mzee alichukua chupa ya asali. Ni asali yetu ya Handeni, nyeusi, ya nyuki wadogo, mzee alikuwa ameichuja kwa kitambaa chake mwenyewe. Alisema hawezi kwenda kwa mwalimu mikono mitupu, hata kama anakwenda kugombana naye. Tulipanda basi mpaka Segera. Pale njia panda wachuuzi walizingira madirisha na machungwa na mayai ya kuchemsha, mzee akiikumbatia chupa yake kama mtoto mchanga. Mwanangu alikuwa anatungoja na lori. Akampandisha baba yake mbele, mimi katikati, tukaenda Korogwe. Njiani mzee alisema neno moja tu, kwamba kiti hiki kinachoma.

Chumba kilikuwa na joto na viti vya plastiki. Wifi alikuwa ameshajikalia mbele, amevaa wigi lake la kutoka Dar es Salaam, akatupungia mkono kama ndiye mwenye chuo. Mwalimu akaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, jambo ambalo mzee alilipima na kuliweka moyoni. Wanafunzi wengine walionyesha kazi zao. Mmoja alikuwa na mpira unaodunda, mwingine bendera inayopepea. Kisha akaitwa mkwe wetu.

Alikuja amejifunga khanga juu ya sketi, akapiga goti kidogo upande wetu bila kuangalia alipo mzee, akakaa mbele ya mashine. Kioo kikawaka, na hapo kweli nilishika mdomo. Ilikuwa nyumba yetu. Bati lile lile lililopinda upande mmoja. Zizi, ghala, mti wa mpera. Mimi nimeinama kwenye mafiga na khanga yangu nyekundu. Mzee yuko kwenye kigoda chake na kofia.

"Wifi, humo umenenepa," wifi yangu akasema.

Mzee aliuliza, kwa mwanangu, kwa nini yeye amekaa tu wakati wenzake wanafanya kazi. Mwanangu akamjibu kwa heshima kwamba ndivyo anavyokaa.

Mkwe akabonyeza. Lori likaingia kutoka pembeni, la buluu kama lenyewe, mwanangu ameshika usukani, likasimama langoni. Kutoka ndani ya nyumba akatokea mkwe mwenyewe, yaani ile picha yake, akapiga magoti uani, na juu ya kichwa chake yakatokea maandishi. Mzee husoma herufi za Kiarabu, hizi nyingine hapana, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti: Shikamoo, baba.

Sote tukamtazama mzee wa kwenye kigoda. Hakutikisika. Lakini kule langoni lori likainuka, polepole, nyuma kwanza halafu mbele, vile vile anavyoinuka mtu mwenye magoti mabovu. Likasimama wima. Na kutoka kwenye boneti yake yakatoka maneno, nami ulimi ulikuwa umeshazoea, nikayasoma kabla sijayafikiri: Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani.

Chumba kilicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Yule mama aliyesinzia aliamka, akacheka na yeye, akalala tena. Mwanangu alicheka, kisha akakumbuka ni mke wake, akaufunga mdomo na mkono. Wifi alijifuta machozi na ncha ya wigi.

"Kaka," alisema, "leo nimejua ni nani tuliyekuwa tunamlipia mahari. Binti wa watu tumemwoza kwa ukoo wa magari."

Mzee hakucheka. Mkwe alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani, anatazama vidole vyake. Nilijua anachokiona: lori la kweli limeegeshwa nje, na godoro lake limefungwa kamba nyuma.

Mzee akamgeukia mwanangu. Akamwambia amuulize mkewe kwa nini yeye, mwenye kaya, yuko pale amekaa kama gogo na salamu zake zinapokelewa na gari. Mwanangu akamgeukia mkewe, akamuuliza. Mkwe akamjibu mumewe, amwambie baba kwamba anaomba radhi. Mwanangu akamgeukia baba yake, akamwambia anaomba radhi. Mwalimu alikuwa anageuza shingo huku na huku kama anayetazama mpira.

"Mzee," akasema, "si yuko hapa mbele yako? Muulize tu."

"Wewe mwalimu ngoja," wifi akamwambia. "Hapa maneno yanapita njia yake."

Mwalimu akangoja. Mkwe alisogea kwenye mashine, akatazama maagizo aliyoyaandika, na nikaona bega lake limeshuka, akili imemjia. Akamgeukia mumewe.

"Mwambie baba kosa nimeliona," alisema. "Mwambie sikutaka kumwita moja kwa moja. Nilipitia kwako. Niliandika, yule aliyekabidhiwa mume wangu, asimame aitike. Na wewe nilikuwa nimekukabidhi kwa baba. Jana jioni nikakuhamisha, nikakupandisha kwenye lori ili msafiri pamoja. Nikasahau kwamba aliyekabidhiwa sasa ni lori."

Mwanangu akaanza kumgeukia baba yake ili ayarudie yote hayo. Mzee akamzuia kwa kiganja. Akamtazama mwalimu.

Alimuuliza kama hakukuwa na njia nyingine. Mwalimu akasema ipo, na ndiyo rahisi kuliko zote. Ile picha ya mzee ipewe jina, lolote, hata neno moja, na iitwe kwa jina hilo. Ingeitika hata kama ulimwengu wote umepanda malori. Alikuwa amemwambia msichana hivyo tangu mwanzo, tena zaidi ya mara moja, akakataa. Mwalimu alidhani hajaelewa somo.

"Alikataa akasemaje?" mzee akauliza.

"Alisema kwao mtu huyo haitwi hivyo."

"Na mlikuwa na nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Mimi na mashine."

Mzee aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akainama chini ya kiti akaitoa ile chupa ya asali.

"Mwalimu, utanisamehe," akasema. "Hii ilikuwa yako."

Akainuka. Akatembea mpaka kwenye ile mashine, akasimama mbele ya mkwe wake, akamnyooshea chupa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, shika. Kuanzia leo usinitafute kwa watu. Niite mwenyewe."

Mkwe alishuka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa sakafu. Akaipokea chupa. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akaufunga, akaufungua tena. Tulingoja. Hata kama ungekuwa hujui desturi zetu ungejua kwamba pale kuna kitu.

"Sema, msichana," wifi akamsaidia, "asali itaganda."

"Ahsante, baba," akasema. Ndilo neno la kwanza kumwambia. Na la pili lilikuwa la kazi, jambo ambalo lilimfurahisha mzee mpaka mwisho wa maisha yake. "Baba, niandike nani?"

Mzee akafikiri. Anayo majina mengi, la kwao, la madrasa, la utani la ujana ambalo hata hapa sitalisema. "Andika baba," akasema. "Hilo linanitosha."

Akaandika, vitufe vichache tu, tak tak tak. Akabonyeza tena. Lori likaja, likasimama, likakaa kimya kama gari lenye adabu. Mkwe wa kwenye picha akapiga magoti. Shikamoo, baba. Na yule mzee wa kwenye kigoda akainuka, na kofia yake, akaitika. Nami nikasoma kwa sauti, lakini hakuna aliyenisikia, kwa sababu mzee wa kweli alikuwa ameshaitika mwenyewe, kwa sauti ya msikitini: "Marahaba!"

Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Kila picha ilipomwamkia, aliitika. Mwanangu akamnong'oneza kwamba si lazima, ile ni picha tu. Mzee akamjibu kwamba yeye hajawahi kuacha shikamoo ya mtu chini, hataanza leo. Mwanafunzi mwingine alikuwa anangoja zamu yake na kipepeo, akangoja sana.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Alimuuliza mkwe, sasa uso kwa uso, na tuliona raha kuwasikia, kama mwanangu ataachwa mle ndani ya lori au atarudishwa kwa baba yake. Mkwe akasema, kama baba anataka, anamrudisha sasa hivi.

"Mwache huko huko," mzee akasema. "Ndiko anakoshinda."

Tulipotoka nje, jua la Korogwe lilikuwa linapiga kwenye bati la lile duka la misumari. Mwanangu akapanda akawasha lori. Godoro la mke wake lilikuwa nyuma, na sanduku, kama baba yake alivyoagiza asubuhi. Akachungulia dirishani, akauliza kwa woga, maana baba yake alikuwa hajatamka hukumu.

"Baba, tunaondoka naye?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Naye nani? Huyu ana kazi hapa. Wewe ndiye wa lori. Shusha godoro la mtu."

Basi godoro likashushwa, wifi akilalamika kwamba alikuwa ameshawaza kukipangisha kile chumba. Mwalimu hakuipata chupa yake siku ile, lakini mkwe alimmiminia asali kidogo kwenye kikombe cha chai, nami niliona. Mkwe alimaliza masomo, akabaki akafundisha pale mpaka chuo kilipohamia jengo kubwa. Wanangu wa karibu na wa mbali wamefundishwa na yeye. Mzee, alipokuwa hai, kila akienda Korogwe alipita chuoni kuuliza kama bado yumo ndani ya mashine, na kila mara alikuwemo, kwenye kigoda chake. Chupa ile ninayo. Natia mafuta ya taa.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtu mzima, na nimeandika haya polepole, wajukuu wakiniuliza kila saa kama nimemaliza. Huenda nimekosea. Wifi yangu anashikilia kwamba aliyesoma maneno kwenye kioo ni yeye, jambo ambalo si kweli kwa sababu miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani, lakini mumsikilize na yeye. Mwanangu anasema lori lilikuwa la kijani. Na lile neno la lori liliposimama, pengine lilisema karibu nyumbani, pengine lilisema karibu tu. Kama ulikuwemo chumbani, au mama yako ndiye yule aliyesinzia, usiniache na makosa yangu. Njoo Kwaluguru. Hapo kituoni usiniulizie kwa jina, watakupeleka kwa mwingine. Waambie unamtaka mama mkwe wa mwalimu wa kompyuta, nyumba yenye bati lililopinda, upande wa mti wa mpera. Watakuleta mpaka jikoni.